Kura Sitini za Spika Madigan

Mwishoni mwa 2018 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, umri wake miaka 19, alirudisha fomu za kugombea udiwani wa Kata ya 13, kusini-magharibi mwa jiji la Chicago. Sheria ilimtaka awe na saini za wadhamini 473. Yeye alikusanya 1,703. Haukupita muda, kambi ya diwani aliyekuwa madarakani ikapeleka kwenye tume ya uchaguzi ya jiji marundo ya hati za kiapo: wakazi 2,796 walikuwa wanafuta saini walizompa kijana yule. Hapo hesabu inagoma, maana waliojitoa ni wengi kuliko walioingia. Karatasi zilipolinganishwa, 187 tu ndizo zilizokuwa za watu waliomdhamini kweli. Wengine wote, zaidi ya 2,600, walikuwa wamekula kiapo cha kutoka mahali ambapo hawakuwahi kukanyaga.

Pingamizi likaondolewa, jina la kijana likabaki kwenye karatasi ya kura, na Februari 2019 akabwagwa kwa kishindo, kama kila mtu mtaani alivyojua atabwagwa. Sasa, mtu mwenye uhakika wa kushinda anatuma watu mlango kwa mlango kukusanya viapo karibu 2,800 ili iweje? Swali hilo halimhusu sana diwani. Linamhusu mwenye kata, na mwenye Kata ya 13 tangu 1969 alikuwa Michael Madigan, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois.

Madigan alichaguliwa kuwa mbunge mara 26 mfululizo, kuanzia Novemba 1970 hadi Novemba 2020. Kati ya miaka hiyo 50, miaka 36 alikikalia kiti cha Spika, kuanzia 1983, kwa mapumziko ya miaka miwili tu. Mwaka 2017 alimpita Solomon Blatt wa South Carolina na kuwa kiongozi aliyedumu kuliko wote katika historia ya mabunge ya majimbo ya Marekani. Katika muda wote huo hakuwahi kugombea cheo chochote kinachopigiwa kura na jimbo zima. Angegombea, angeanguka: kura za maoni ya umma zilimweka miaka nenda miaka rudi miongoni mwa wanasiasa wasiopendwa kabisa Illinois. Mtu asiyependwa na jimbo alilitawalaje kwa miaka 36, huku magavana wakija na kuondoka, wengine wakienda jela?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki yafaa kuweka jambo moja sawa kwanza. Kenya, tangu katiba ya 2010, Spika si mbunge. Tanzania anaweza kutoka nje ya Bunge. Illinois Spika hutoka miongoni mwa wabunge, na papo hapo ndiye jemadari wa chama chake humo ndani. Kwa hiyo anahitaji kura za aina mbili. Nyumbani anahitaji kiti chake mwenyewe, katika eneo la watu wapatao laki moja na kidogo. Katika Baraza lenye viti 118 anahitaji kura 60. Katikati ya hizo mbili kuna ya tatu isiyopigwa na mwananchi yeyote, nayo ni ya mchoraji wa ramani ya maeneo ya uchaguzi. Madigan alizimudu zote tatu, na ufundi wake mkubwa ulikuwa kuzifanya zilishane.

Alianzia kwenye kata, kwa urithi. Baba yake alikuwa msimamizi wa huduma za Kata ya 13 na mtu wa karibu wa Richard J. Daley, meya aliyeishika Chicago kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976. Kijana alisoma kwa Wajesuiti, akaenda Notre Dame, akachukua shahada ya sheria Loyola, na likizo moja alifanya kazi kwenye gari la taka. Mwaka 1969, akiwa na miaka 27, akawa kiongozi wa chama cha Democratic wa kata yake, mdogo kuliko wote jijini. Cheo hicho hakuna aliye nje ya Chicago anayekijali. Madigan hakukiachia hata alipokuwa mtu mwenye nguvu kuliko gavana.

Kata iligawanywa katika vituo vidogo vya kupigia kura, na kila kituo kilikuwa na mtu wake. Mtanzania akitaka kumwelewa mtu huyo amfikirie balozi wa nyumba kumi wa zamani. Anajua nani amefiwa, nani ana mtoto anayetafuta kibarua, nani pipa lake la taka limepasuka. Mti ukielemea paa, ukimwambia balozi leo, keshokutwa watu wa jiji wamefika na misumeno. Ukifika msimu wa uchaguzi anagonga mlango ule ule na fomu mkononi. Hakuna haja ya vitisho. Ndiyo maana viapo vile 2,796 vilipatikana: mtu anasaini karatasi iliyoletwa na balozi wake kama anavyopokea barua kutoka kwa tarishi, bila kuisoma.

Lakini balozi naye hula. Kwa desturi ya Chicago ujira wake ulikuwa ajira: bustani za jiji, idara ya maji, ofisi za kaunti. Hapa historia ina kejeli yake. Mwaka 1969 Illinois iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, na wajumbe wake walichaguliwa kwa kura. Madigan aligombea, akapata. Katika eneo jingine mwanasheria aitwaye Michael Shakman aligombea bila baraka za chama, akakosa, kisha akaenda mahakama ya shirikisho kulalamika kwamba mashine ya chama inatumia ajira za umma kununua utii. Kesi hiyo ilizaa amri ya 1972 iliyozuia kumfukuza mtumishi kwa sababu za siasa, na ya 1983 iliyozuia kumwajiri kwa sababu hizo hizo. Mwaka 1983 ndio Madigan alioketi kwenye kiti cha Spika kwa mara ya kwanza. Alipanda juu wakati chakula cha mabalozi kikianza kufungiwa kabati. Nalitaja jambo hilo sasa kwa sababu miaka 40 baadaye mashtaka ya Madigan yalikuja kusimama hapo hapo.

Katiba iliyoandikwa na mkutano ule ilimwachia zawadi nyingine. Wajumbe waliamua kwamba Bunge likishindwa kukubaliana juu ya ramani ya maeneo ya uchaguzi, iundwe tume ya watu wanane, wanne kwa kila chama; nayo ikikwama, jina la mjumbe wa tisa litolewe kwa bahati nasibu. Waliamini hakuna mwanasiasa mwenye akili atakayethubutu kucheza kamari na miaka kumi ya maisha yake, hivyo vyama vitaelewana. Walikosea kabisa. Vyama viliona nafasi ya nusu kwa nusu ya kuchukua kila kitu ni nono kuliko maelewano, vikacheza kamari mara tatu mfululizo. Mwaka 1981 Democratic walipata, 1991 wakapata Republican, 2001 Democratic tena, safari hiyo jina likichomolewa kwenye kofia ndefu iliyoigizwa ile ya Abraham Lincoln. Miongoni mwa walionufaika na ramani ya 2001 alikuwa seneta mmoja wa jimbo, mtoto wa Mkenya wa Kogelo, ambaye eneo lake lilivutwa kaskazini hadi kwa matajiri wa ufukwe wa ziwa Michigan. Miaka mitatu baadaye Barack Obama alichaguliwa kwenda Seneti ya Marekani.

Ramani ya 1981 ilikuwa ya Madigan, na ilikuja wakati mwafaka. Mwaka 1980 mwanaharakati Pat Quinn, baadaye gavana, alikuwa ameongoza kampeni ya kupunguza wabunge kutoka 177 hadi 118. Kabla ya hapo kila eneo lilitoa wabunge watatu, na mpiga kura aliweza kumpa mgombea mmoja kura zake zote tatu. Kwa hiyo hata kwenye ngome ya chama kimoja, chama kingine kilipata kiti. Wananchi walishangilia kupunguza mishahara ya wanasiasa. Walichopata ni maeneo 118 ya mshindi mmoja mmoja, yaani ramani ambayo kalamu ya mchoraji ina uzito mara tatu. Wabunge wenye vichwa vigumu, waliokuwa wakipenya kwa kura za watu wachache waaminifu, wakatoweka. Waliobaki walimhitaji kiongozi wa kuwachorea eneo, kuwachangia fedha na kuwatumia watu wa kampeni.

Hata hivyo, wanaosema Madigan alikuwa zao la ramani tu wanamwonea. Ramani ya 1991 ilichorwa na wapinzani wake, na 1992 bado alishinda viti 67. Novemba 1994 wimbi la Republican lilipoikumba nchi nzima alipoteza viti 13 na uspika ukaenda kwa Lee Daniels. Usiku huo huo Tom Foley, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani huko Washington, alipoteza kiti chake mwenyewe nyumbani. Linganisha hao wawili, utaona kazi ya Kata ya 13. Foley alikwisha. Madigan alipoteza wingi lakini nyumbani hakuna aliyemgusa, akarudi Springfield, makao makuu ya jimbo, kama kiongozi wa wachache, na 1996, kwenye ramani ile ile ya maadui, akapata viti 60 dhidi ya 58. Tangu hapo hakukitoa kiti kwa miaka 24. Daniels katika muda wake mfupi alikuwa ameikabidhi Kamati ya Kanuni uwezo wa kuuzika mswada wowote bila kuujadili. Madigan aliporudi akaikuta silaha hiyo mezani, akaona hakuna sababu ya kuitupa.

Namba 60 inajirudia katika maisha yake kama kiitikio. Mwaka 1988 timu ya besiboli ya White Sox ilitishia kuhamia Florida isipojengewa uwanja. Mswada wa uwanja huo ulihitaji kupita kabla ya saa sita usiku ya Juni 30. Baada ya hapo zingehitajika kura nyingi zaidi. Saa za ukutani zilikuwa zimeshavuka, lakini kumbukumbu rasmi zinaonyesha dakika moja kabla ya saa sita, na matokeo ni kura 60 dhidi ya 55. Januari 2011 kodi ya mapato ilipandishwa kutoka asilimia 3 hadi 5: kura 60 dhidi ya 57. Hakuna bahati hapo. Madigan alihesabu wabunge wake mmoja mmoja, akawaruhusu walio kwenye maeneo magumu wapige kura ya hapana na kwenda nyumbani kujisifu kwamba wameikataa kodi, huku mzigo wa ndiyo ukibebwa na walio salama na wanaostaafu. Kura ya 61 kwake ilikuwa ni kumchoma mtu bure.

Mbunge aliyeokolewa hivyo hasahau. Juu ya hilo, Madigan alishika mifuko minne ya fedha za kampeni, ukiwemo wa chama cha jimbo alichokiongoza kuanzia 1998. Watumishi wa ofisi yake walichukua likizo kila uchaguzi, wakaenda kulala kwenye moteli za miji midogo kuendesha kampeni za watu ambao hata hawawafahamu. Mwenyewe hakuwa na simu ya mkononi wala barua pepe. Chakula chake cha mchana, wanasimulia waliokaa naye, kilikuwa tufaha lililokatwa vipande. Wakambatiza jina la nyundo iliyovishwa mahameli. Aliweza kufanya yote hayo kwa wengine kwa sababu kwake hakukuwa na moto wa kuzima. Miaka mingi alipita bila kupingwa, au akipingwa na mtu asiyejulikana hata na jirani yake.

Kwa hiyo 2016, mtu mwenye fedha na nia alipojitokeza kwenye mchujo wa chama, jibu lilikuwa kubwa kuliko tishio. Jason Gonzales alikuwa Mlatino katika eneo ambalo kwa wakati huo wakazi wengi walikuwa Walatino. Ghafla wakajitokeza wagombea wengine wawili wenye majina ya Kilatino ambao hawakufanya kampeni ya maana. Madigan alipata asilimia 65 hivi, Gonzales 27, na vile vivuli viwili vikagawana nane iliyobaki. Gonzales alishtaki kwamba wagombea hao walipandikizwa kugawa kura zake. Mahakama ya shirikisho ilimkatalia 2019, na rufaa ikakwama 2021, kwa hoja moja ya kuvutia: yeye mwenyewe alishapiga kelele hadharani wakati wa kampeni, magazeti yakaandika, kwa hiyo wapiga kura walijua wanachopewa na bado wakamchagua Madigan. Na hata ungempa Gonzales nane yote, angefika 35.

Turudi basi kwenye swali la viapo 2,796. Kwa maoni yangu, kwa mashine ya aina ile kushinda si habari, kwani hata mwenye 51 ameshinda. Bidhaa ambayo Kata ya 13 iliiuza ni kutopingwa. Mpinzani akipata asilimia 35 leo, kesho balozi mmoja ataanza kujiuliza kama hana pa kwenda pengine, na mbunge wa Springfield aliyezoea kutii ataanza kuhesabu. Ndiyo maana mbu aliuawa kwa rungu, 2016 na tena 2018.

Rungu hilo lilihitaji mikono, na mikono ililipwa. Milango ya ajira za serikali ilipobanwa na amri za Shakman, mabalozi wakatafutiwa riziki kwingine. Julai 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 na kukiri kwamba kwa miaka kadhaa, ikitaka sheria zinazoinufaisha, iliwapa watu wa Madigan kazi na mikataba. Kiasi cha dola milioni 1.3 kilipitishwa kwa watu ambao wengi wao hawakufanya kazi yoyote inayoonekana, wakiwemo mabalozi wa Kata ya 13. Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia Madigan hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, likamwachia kwa saba, likashindwa kuafikiana juu ya sita. Juni mwaka huo, akiwa na miaka 83, alihukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5. Wengi wanaisimulia kesi hiyo kama hadithi ya tamaa. Mimi naisoma kama hesabu za gharama za uchaguzi, maana sehemu kubwa ya fedha zile haikwenda mfukoni mwake, ilikwenda kwa wanaogonga milango.

Lakini mahakama ilimkuta ameshaanguka, na aliyemwangusha si Kata ya 13 wala si Republican. Gavana Bruce Rauner alijaribu kuanzia 2015, akatumia mamilioni yake kulifanya jina la Madigan kuwa tusi kila pembe ya jimbo. Miaka miwili jimbo likakaa bila bajeti kamili, na 2018 aliyeondoka ni Rauner. Tusi lakini lilibaki. Mwaka 2018 malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia ndani ya ofisi yake yaliwaondoa wasaidizi wake wa karibu, na wabunge wanawake hawakuyasahau. Novemba 2020 mpango wa Gavana Pritzker, aliyemrithi Rauner, wa kuwatoza matajiri kodi kubwa zaidi ulikataliwa kwenye sanduku la kura, wapinzani wakiuliza tu kama unamwamini Madigan na fedha zaidi. Jaji Thomas Kilbride akawa wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Illinois kukosa kura za kubakishwa kazini, naye pia akipakwa tope lile lile. Jina la Madigan halikuwa kwenye karatasi zile, na bado ndilo lililopigiwa kura.

Hapo ndipo hesabu ikageuka. Spika aliyekuwa kinga ya wabunge wake akawa mzigo kwao. Wabunge 19 wa chama chake walitangaza hawatampa kura. Democratic walikuwa na viti 73. Toa 19, zinabaki 54. Januari 10, 2021 walijifungia kupiga kura ya ndani, akapata 51, tisa pungufu ya zile alizozihesabu maisha yake yote. Siku iliyofuata akasimamisha kampeni, na tarehe 13 Emanuel Chris Welch, aliyekuwa mtu wake mwaminifu, akawa Spika wa kwanza Mweusi wa Illinois kwa kura 70.

Ubunge aliuachia mwezi uliofuata. Illinois kiti kikibaki wazi hakuna uchaguzi mdogo. Viongozi wa chama wa kata zinazogusa eneo hilo hukutana na kumteua mrithi, kila mmoja akiwa na uzito kulingana na kura zilizopigwa upande wake. Uzito wa Madigan peke yake ulikuwa asilimia 56. Jumapili, Februari 21, akamchagua kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi kwenye ofisi ya diwani wa Kata ya 13. Jumanne yeye na diwani wakamtaka kijana ajiuzulu kwa tuhuma za mwenendo ambazo hawakuzifafanua, na Jumatano akawa ameondoka. Alhamisi viongozi wale wakakaa tena, Madigan akiwa na asilimia zake 56, wakamteua Angelica Guerrero-Cuellar.